Waliponiuliza Krashi ni Nini

Nekesa mwanangu,

Naandika nikiwa ofisini hapa Kitale, saa nane mchana, na mlango nimeuacha wazi kidogo ili nisikie hatua za mtu. Mkuu wa ofisi amekwenda Endebess kwenye mkutano wa wakulima na hatarudi leo. Karatasi hizi nilizinunua dukani asubuhi, si za ofisi. Unanijua. Ningeandika barua yangu kwenye karatasi ya ofisi, ningekaa mwezi mzima nikingoja kuulizwa.

Kesho unakwenda Bungoma kuanza Gredi ya Kumi, na utalala huko mpaka muhula uishe. Umeomba usindikizwe na mama mkubwa Selina. Ulisema ukiwa umenipa mgongo, unakunja sweta: "Mama mkubwa anaijua hiyo njia." Mimi nilisoma huko huko Bungoma miaka minne. Njia naijua. Sikubishana, kwa sababu sote wawili tulifahamu kwamba hukuwa ukizungumza habari za njia.

Kwa majuma matatu umenijibu kwa maneno mawili tu, "sawa" na "asante". Ungekuwa unanipigia kelele ningejua la kufanya. Hiyo "asante" yako ninapokupakulia chakula ndiyo inayonikosesha usingizi. Kwa hiyo sitakuandikia habari za kufua soksi wala za kunywa maji yaliyochemshwa. Hayo utaambiwa na matron wa bweni. Nakuandikia juu ya neno moja, na juu ya nilichokifanya nalo.

Neno lenyewe ni krashi. Naliandika kama linavyotamkwa hapa kwetu.

Nataka ujue kwanza kwamba nililielewa nilipoliona. Usidhani mama yako alizaliwa akiwa na miaka thelathini na nne. Sisi pia, kule bwenini, tulikuwa nalo, na tulilitumia kama mnavyolitumia ninyi. Krashi si mpenzi, si mchumba, na mara nyingi hata rafiki si yeye. Ni mtu ambaye macho yako yanamtafuta kabla hujaamua kumtafuta, na mwenyewe hana habari. Ndiyo maana neno lina kicheko ndani yake. Msichana anamwambia mwenzake, "Krashi wangu amenyoa," wanacheka mpaka kengele inalia, na huyo aliyenyoa yuko kwao anakula andazi lake kwa amani. Unaweza kuwa na krashi ambaye ni mtangazaji wa habari, mtu ambaye hutakutana naye maishani. Unaweza kuwa naye Jumatatu, Ijumaa ukamwona akichokoa meno hadharani, na jambo likaisha hapo. Na siku mwenyewe akijua, akakujibu, neno hilo limemaliza kazi. Mnatafuta lingine lililo zito zaidi, lenye watu wawili ndani yake. Krashi ina mtu mmoja tu.

Haya yote niliyajua. Yashike hayo unapoendelea kusoma, kwa sababu kosa langu limekaa hapo.

Ilikuwa likizo ya Desemba, nilikuwa nikitenga daftari zako za zamani zenye kurasa tupu. Nyuma ya daftari la Sayansi nikaona umeandika "Krashi wangu," kisha jina, kisha orodha. Jina sitaliandika hapa, wala popote tena. Umeandika anavyosema "sawasawa" mara mbili kabla ya kuketi. Umeandika kwamba hushika kitabu cha nyimbo juu chini na huimba hivyo hivyo bila kukosea. Umeandika kwamba siku ya mvua aliwapisha akina mama wazee wote kwenye baraza ya kanisa, akabaki nje peke yake, na ulitamani ungekuwa na mwavuli, kisha ukaongeza: "lakini ningekuwa nao nisingempa, ningeona haya."

Nilicheka, Nekesa. Nataka ujue kwamba nilicheka kwanza, na kilikuwa kicheko kizuri. Kisha nikasoma jina kwa mara ya pili, na kicheko kikakatika.

Ni mtoto wa mkuu wa ofisi yangu.

Mama yake ndiye mwenyekiti wa ushirika wetu wa akina mama wa kanisani. Baba yake ndiye anayetia sahihi mkataba wangu, ambao unafika mwisho mwaka huu. Nilikaa kitandani kwako na daftari mapajani, na nakiri mbele yako kwamba sikuufikiria moyo wako hata kidogo. Niliufikiria mkataba. Nikawaza watasema karani aliyezaa bila ndoa amemtuma binti yake kwa kijana wa watu. Nikawaza watasema tabia imefuata damu. Hakuna aliyekuwa amesema neno, na mimi nilikuwa nimeshawasikia wote.

Nikafanya jambo baya la kwanza. Nilipiga picha ule ukurasa kwa simu, na siku iliyofuata nikamwonyesha Rose pale kibandani tunapokula mchana. Rose, Mama Sifa, ambaye nimekaa naye meza moja miaka sita na kulia naye mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

"Wacha uoga bana," aliniambia. "Hii ni utoto. Hata mimi nilikuwa nazo tatu kwa wakati mmoja."

"Usimwambie mtu, Rose."

"Mimi? Nimwambie nani? Kula, ugali inapoa."

Nikala. Nilijihisi mwepesi kama mtu aliyetuliwa gunia. Sikujua kwamba nimemtwisha mwingine.

Jumamosi tulikutana kwa mwenyekiti, kama kawaida. Unaujua utaratibu wetu. Kila mama hutaja mzigo wake, katibu huuandika kwenye kitabu cha maombi, kisha sote tunasimama tunaombea kwa sauti, mzigo kwa mzigo, jina kwa jina. Mama mmoja alitaja mgongo wake. Mwingine akataja mwanawe aliyekosa kazi. Halafu Rose akasafisha koo.

"Kuna mama hapa ako na mzigo na anaogopa kusema," akasema, akitazama chini. "Ni mambo ya binti. Mimi nimeona tumsaidie."

Chumba kizima kikanigeukia. Hakuwa ametaja jina, lakini alikuwa ameketi ubavuni mwangu na mkono ameuweka gotini mwangu. Nakumbuka nilivyoutazama ule mkono. Ulikuwa mkono wa rafiki, wenye joto, na ndio uliokuwa ukinionyesha kwa watu.

"Sema, Mama Nekesa," mwenyekiti akaniambia kwa upole. "Hapa ni kwa dada zako."

Ningeweza kusema mgongo. Ningeweza kusema mtihani. Nikasema: "Nimeona ameandika kwa daftari, ati ana krashi."

Kisha Mama Yohana, yule mama mzee wa Kabuchai anayekaa karibu na mlango kwa sababu ya kifua, akainua kichwa.

"Na hiyo klashi ni kitu gani? Mimi sijui hizi vitu za siku hizi. Wewe umesoma, si utuambie."

Mwanangu, sijawahi kufunguliwa mlango mpana kama ule. Waliokuwamo hawakunijia na mawe. Aliyeuliza alitaka kujua tu. Sentensi moja ingetosha: ni msichana kumtazama mtu na kunyamaza. Wangecheka, tungeombea mgongo, tungekunywa chai. Lakini mwenyekiti alikuwa akinitazama, na nilitaka aone kwamba mimi ni mama mkali, mama asiyecheza na mambo kama haya, mama ambaye makosa yake yalimfunza. Nikachagua maneno kwa uangalifu, kama ninavyochagua maneno ya barua ya ofisi. Nikajibu:

"Ni mwanamume ambaye msichana amempa moyo wake."

Wakavuta pumzi wote pamoja.

"Wa wapi huyo?" mwenyekiti akauliza. "Ni wa hapa kanisani?"

Nilikuwa bado nafikiria la kujibu Rose aliponitangulia. Alilitamka jina la kijana mbele ya mama yake mzazi, kwa sauti ya huruma. Kisha tukasimama tukakuombea, Nekesa, kwa jina lako na kwa jina lake, akina mama kumi na watano, na mimi nikisema amina. Katibu akaandika kwenye kitabu.

Yaliyofuata ulinisimulia mwenyewe, siku ya mwisho uliyonisimulia kitu. Jumapili mwalimu wa kwaya alikuhamisha benchi bila kukueleza. Vijana walikuwa wakikohoa ukipita. Mvulana akapelekwa kwa mjomba wake Saboti kumalizia likizo, na kabla ya kuondoka alikujia mbele ya wenzake, akakuuliza kwa adabu kabisa, "Ati mimi nimekukosea nini?" Hakuwa amekukosea chochote. Ulirudi nyumbani ukasimama mlangoni mwa jikoni na viatu vya kanisani miguuni.

"Mama, ulisema nini huko?"

"Nilikuombea."

"Uliniombea ama uliniuza?"

Nami, badala ya kukujibu, nikakuambia usinipandishie sauti.

Sasa nikuambie jambo ambalo nilipaswa kukuambia zamani, nalo linafanya nilichokifanya kiwe kibaya zaidi. Ningekuwa mtu asiyejua uchungu huo, ungenihurumia. Mimi naujua.

Nilipokuwa kidato cha tatu, nilikuwa na krashi wangu. Alikuwa mwanafunzi wa shule nyingine, kwao Kabuchai, ng'ambo ya mto kutoka kwetu, na likizoni alikuwa akisoma somo la kwanza kanisani. Hatukuwahi kusalimiana. Nilipenda alivyofunga kitabu baada ya kusoma, polepole, kama mtu anayefunika mtoto. Hilo tu. Jioni moja tukipukuchua mahindi nikamwambia dada yangu Selina, kwa sababu alikuwa mkubwa wangu na nilikuwa nimejaa hadi shingoni. Alicheka, akanirushia gunzi. Siku mbili baadaye alimwambia Baba.

Babu yako, kama ulivyosikia, alikuwa mtu wa utaratibu. Kwake msichana hakuwa na njia ya kumtaja mvulana isipokuwa mvulana ameshafanya jambo. Akavaa koti, akachukua wazee wawili wa ukoo, wakavuka mto mpaka nyumbani kwa kijana, nami nikiwa nyuma yao kwa sababu niliamriwa. Wakapewa viti. Baba akauliza kama inavyoulizwa: "Tumekuja kujua mnasemaje juu ya msichana wetu, na ng'ombe watatoka lini."

Baba wa kijana akamwita mwanawe. Alikuja akiwa na tope mikononi, alikuwa akilima. Akaulizwa kama ananijua. Alinitazama muda mrefu, kwa bidii, kama mtu anayetaka kweli kusaidia.

"Hapana," akasema. "Samahani. Kwani ni nani?"

Alikuwa akisema kweli. Wazee walimwita mwongo na baba yake akainuka na fimbo. Nilitaka kupaza sauti kwamba hajui, hajawahi kujua, ni mimi peke yangu. Sikuweza. Nilikuwa na maneno mengi ya Kiswahili na Kiingereza na Kibukusu, na hata moja halikutoka.

Shule zilipofunguliwa habari ilikuwa imefika kabla yangu. Wasichana walinisalimu kwa swali moja muhula mzima: "Niaje, bibi harusi? Ng'ombe zilifika?" Mmoja alichora ng'ombe kwenye dawati langu na kumwandika jina la kijana ubavuni. Nilimfuta kwa mate kila asubuhi.

Nikajifunza kunyamaza. Hayo ndiyo mafunzo niliyotoka nayo Bungoma, zaidi ya vyeti. Sikumwambia tena mtu yeyote kilichokuwa moyoni mwangu, si Selina, si mama yangu, si mwalimu. Nilipomaliza shule na kurudi nyumbani, nilikuwa na miaka kumi na minane na sikuwa nimeulizwa ninachofikiri kwa muda mrefu hata nilisahau kwamba nafikiri. Kisha akatokea baba yako. Unataka kujua alinishindaje? Aliniuliza, "Mbona umenyamaza? Unawaza nini?" Akangoja jibu. Ningemfuata mtu yeyote aliyengoja jibu. Angekuwa mwizi wa mifugo ningemfuata.

Alipoondoka, hakukuwa na mtu ambaye ningemwambia kwamba naogopa, kwa kuwa hakukuwa na mtu aliyejua kwamba nilipenda. Watu wa nyumbani walisema, "Si tulijua? Huyu alianza mapema." Walikuwa wakizungumza habari za yule mvulana wa ng'ambo ya mto. Mpaka leo wapo wanaoamini kwamba safari yangu ilianzia kwake. Mimi niliyeitembea nakuambia haikuanzia kwake. Krashi yangu haikunidhuru hata kidogo. Ingeachwa ingekufa yenyewe kabla ya mahindi kukauka, na leo ningeikumbuka nikicheka. Kilichonidhuru ni viti vile vilivyopangwa uani, na baada yake ukimya.

Sisemi haya kwamba najuta kukuzaa. Wewe ndiwe kitu pekee katika miaka ile ambacho sijawahi kutamani kukifuta. Nasema ili uone kwamba nilipojibu lile swali la Mama Yohana, nilikuwa nikipanga viti vile vile. Baba yangu alichukua wazee, mimi nikachukua akina mama wa maombi. Yeye hakuwa na namna nyingine ya kuelewa. Mimi nilikuwa nayo, nikaiacha makusudi kwa sababu ya uoga.

Jumamosi iliyopita nilirudi kwa mwenyekiti. Sikukuambia. Nilikwenda mapema, nikaketi mbali na Rose. Ilipofika zamu yangu nikasema, "Juzi Mama Yohana aliniuliza krashi ni nini. Nilijibu vibaya, na nilijua najibu vibaya."

"Mama Nekesa," mwenyekiti akasema, "hiyo si tulishaombea ikaisha?"

"Kuomba kuliisha, mwenyekiti. Jibu langu bado liko kwenye kitabu."

Nikawaeleza kama nilivyokueleza hapo juu. Sauti yangu ilikuwa ndogo na mara mbili niliambiwa niseme kwa nguvu. Nilisema kwamba hakuna mtu aliyempa mtu moyo, kwamba mtoto wangu hakumwambia kijana neno, na kijana hakujua lolote mpaka sisi tulipomwambia.

Mama Yohana akainua mkono kunisimamisha. "Ngoja. Kwa hivyo msichana anaangalia tu? Na kijana hata hajui?"

"Hata hajui."

"Mayi wee! Kumbe ni hiyo tu? Mimi nilikuwa na hiyo klashi kwa fundi wa baiskeli pale Kabuchai. Baiskeli ya baba ilikuwa inaisha upepo kila siku ya soko. Na ni mimi nilikuwa natoa hiyo upepo!"

Walicheka, Nekesa. Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai, na mwingine akaanza kusema yake, ya mwalimu wa shule ya Jumapili, akanyamazishwa. Nilitamani ungekuwa umesimama dirishani. Lakini sitakudanganya kwamba mambo yalinyooka. Mwenyekiti hakucheka. Aliuliza kama tunaweza kuendelea na ajenda. Rose alinikamata langoni, macho mekundu. "Umeniaibisha. Mimi nilikusaidia, na wewe umenifanya kama mchawi." Nikamwambia, "Nilikuomba usiseme." Akajibu, "Na wewe, nani alikuomba useme?" Akaondoka. Nimeligeuza neno lake kila upande na sijapata pa kulijibu. Alinisaliti, hilo sitalipunguza. Lakini siri aliyoisaliti haikuwa yangu tangu mwanzo. Ilikuwa yako, na mimi ndiye niliyemkabidhi.

Leo asubuhi mkuu wa ofisi alipita mezani kwangu bila salamu. Huenda alikuwa na haraka ya Endebess. Huenda mkewe amemwambia. Nimeichunguza ile hatua yake tangu asubuhi kama mganga anayesoma kokoto. Naogopa, mwanangu. Nimekuwa mtu wa kuogopa maisha yangu yote, na nikiogopa huwa namtoa mtu mwingine mbele yangu. Safari hii nilikutoa wewe. Sikuombi uniambie ni sawa. Hiyo "sawa" yako nimeshaipata ya kutosha.

Ila kuna hili moja. Kule uendako utapata mwingine wa kutazama, labda kabla ya Pasaka. Si lazima uniambie. Mwambie mtu anayejua kucheka bila kukimbia na neno lako. Na wakikuuliza krashi ni nini, wewe wajibu vizuri.

Hapa nimeacha kalamu kwa nusu saa. Selina alinipigia simu. Nakuandikia tulivyosemezana, kwa sababu ni jambo lako na sitaki tena lipite pembeni yako.

"Dadangu, kesho saa moja niko hapo," alianza. "Lakini nimesikia kitu. Ati mtoto ako na kijana huko Kitale?"

"Nani amekuambia?"

"Si maneno hutembea. Nipe jina la huyo kijana. Nikifika shuleni nitamwachia mwalimu wa malezi, kama kuna barua inakuja aishike."

Nilikuwa na jina mdomoni. Nakwambia kweli, lilifika kwenye meno, kwa mazoea tu, kwa sababu ni dada yangu mkubwa na aliniuliza.

"Sina jina la kukupa, dada," nikasema.

"Unanificha mimi?"

"Hilo ni la Nekesa. Akitaka kukuambia, atakuambia."

"Ati nini? Ulishatangazia kanisa mzima, ni mimi tu ndio utanificha?"

Ilinichoma, maana ni kweli. Nikamwambia, "Nilitangaza. Sitangazi tena."

"Haya. Kumbuka yako ilienda aje."

"Nakumbuka. Ulimwambia Baba."

Nekesa, miaka kumi na minane sijawahi kulitamka hilo mbele yake. Akasema kwa sauti nyingine, ya chini, "Nilikuwa naogopa, bana. Ulikuwa mtoto." Nikamjibu kwamba najua, hata mimi juzi nilikuwa naogopa. Nilidhani tutalia wote wawili, tumalize. Lakini yeye ni binti wa baba yake.

"Basi kama hapa hakuna kuaminiana," akasema, "mpeleke mwenyewe." Akakata.

Nimempigia mara mbili. Hashiki.

Kwa hiyo kesho mama mkubwa haji. Uliomba jambo moja tu, usisindikizwe na mimi, na mimi nimelivunja hilo pia, kwa kukutunzia siri yako. Nisamehe kwa hilo moja, mengine yangoje. Nimeandika barua ya ruhusa ya siku moja. Kwenye sababu niliandika "dharura ya kifamilia", nikaifuta, nikaandika "kumpeleka binti yangu shuleni". Nimeiweka mezani kwa mkuu wa ofisi, juu ya mafaili yote, aione akirudi. Akikataa atakuwa amechelewa, tutakuwa tumeshapita Kimilili.

Nitakupa barua hii nikifika nyumbani, uisome kabla ya giza. Usiende nayo. Pale langoni hukagua masanduku na kusoma kila karatasi. Ichome jikoni ukimaliza, au nirudishie, sitauliza umeisoma au la.

Na njiani si lazima tuzungumze. Wewe kaa dirishani. Mimi nitabeba godoro.

Mama yako.